Mpaka Nilioupanda Peke Yangu

Nyinyi vijana mtakaosoma karatasi hizi, sikuziandika ili mnihurumie. Shule niliiacha darasa la tatu, mama yangu alipozaa tena akakosa mtu wa kumbebea mtoto, kwa hiyo msitafute humu maneno ya kitabu. Mjukuu wangu amenyoosha herufi. Maneno nimemkataza kuyagusa. Ninawaandikia kwa sababu nimewasikia mkisema ya kama jambo ambalo hakuna aliyeliona ni sawa na jambo ambalo halikufanyika. Mimi pia nilisema vile, ndani ya roho yangu, miaka sita mizima, na nilikuwa mtu mzima mwenye nafasi yake kanisani.

Wengine wenu mmekulia katika nyumba za kupanga, hamjui mpaka unapandwa namna gani. Sisi huku Uvira, kati ya parsele na parsele, yaani kiwanja na kiwanja, tunapanda miyenzi. Ni ule mti wa kijani usioonyesha majani, vijiti juu ya vijiti, ukiuvunja unatoa maziwa meupe yanayochoma macho. Mbuzi hawaugusi. Unakata kijiti, unakichomeka ardhini, kinashika. Lakini mtu hapandi mpaka peke yake. Kila nyumba inatoa mtu wake. Mmoja anashika kijiti kisimame, mwingine anafukia udongo na kuukanyaga. Kwenye kijiti kinachofuata mnabadilishana, hivyo hivyo hadi mwisho wa parsele. Hakuna karatasi, hakuna sahihi. Siku mkigombana, kila mmoja anakumbuka mkono wake ulikuwa wapi.

Mimi na jirani yangu wa upande wa kusini tulipanda wetu tukiwa bado wanawake wenye nguvu, kila mmoja na mtoto mgongoni. Waume zetu walisimama pembeni wakituelekeza, na hatukuwasikiliza. Sasa wao wote wawili wamekufa, tumebaki sisi.

Kiisha ukaja mwaka ule wa mto. Mvua ilinyesha mlimani siku mfululizo, mto ukashuka na mawe makubwa kama ng'ombe waliolala. Nyumba ya jirani ilianguka yote. Aliokoa watu, vitu hakuokoa. Alipanda gari la kwenda Kamanyola kwa kaka yake, amevaa kitenge kimoja na viatu vya mjukuu wake. Nyumba yangu ilisimama, lakini mto ulichimba korongo upande wangu wa kaskazini, ukala hatua tano za parsele, na jiko langu ndani yake, na mahali nilipokuwa ninaanika mihogo. Matope yalifunika yaliyobaki. Miyenzi yetu ilikwenda na maji yote. Ukisimama mlangoni mwangu, huoni tena wapi kwangu kunaishia na wapi kwake kunaanza.

Nilikuwa na wajukuu wanne ndani ya nyumba, ninapika chini ya turubai. Kila asubuhi niliangalia lile korongo. Wazo halikuja siku moja, lilikuja kidogo kidogo, na lilikuja limevaa nguo za haki. Mto umeninyang'anya upande huu, na mto haushitakiwi. Jirani labda hatarudi. Asiporudi, nani atalima pale? Akirudi, parsele yake ni kubwa kuliko yangu. Moyo ukitaka kitu unajua kujitetea kuliko avoka yeyote mbele ya hakimu.

Basi siku moja niliwatuma wajukuu wote wakateke maji mbali, nikachukua panga na fungu la vijiti vya miyenzi. Msidanganyike ya kama sikujua mpaka wa zamani ulipita wapi. Lilikuwa limebaki jiwe moja la pembe ya nyumba yake, na kutoka jiwe lile hadi mpaka wetu zilikuwa hatua nane. Nikahesabu tano. Nikashika kijiti kwa mkono wa kushoto, nikafukia kwa mkono wa kulia, nikakanyaga mwenyewe. Nilipanda mstari mnyoofu sana, mnyoofu kuliko ule wa kwanza. Kijiti cha mwisho kilivunjika, maziwa yakaniruka jichoni, jicho likavimba siku mbili. Watu walipouliza nikasema ni mdudu. Lile jiwe nalo nililivingirisha hadi kwenye korongo, nikaliangusha.

Jirani alirudi baada ya miezi, wakati miyenzi ilikuwa imeshika na kuchipua. Alisimama akaitazama, kiisha akanitazama mimi.

"Dada, hata mpaka umenipandia? Peke yako?"

"Udongo ulikuwa laini," nikamwambia. "Haikuwa kazi."

Alinishika mikono yote miwili. Alikuwa amebeba kikapu cha mchele wa bondeni kutoka kwa kaka yake. Alikuja nacho ili aanzie nacho maisha, akanipa mimi, kwa sababu nimemlindia mahali pake. Niliupika jioni ile. Ulikuwa mchele mzuri.

Mwaka uliofuata nilijenga jiko la matofali katika zile hatua tatu, nikaliezeka mabati. Yeye alijenga nyumba ndogo ya mbao katikati ya parsele yake, na kwa kuwa ilikuwa ndogo, hakuona pungufu. Tukaendelea kuishi. Tulipeana moto na chumvi. Nikiugua ananiletea uji. Sikuona tena ya kama nina kosa. Kosa gani lisilo na mtu anayelia?

Mwaka huu, siku ya Mungu moja, tulikuwa tunakula sombe ya majani ya mihogo baada ya kanisa. Mjukuu wangu wa kike anasomea sheria hapa hapa Uvira. Kaka yake anaendesha taksi-moto, anabeba watu kwa pikipiki kati ya Kimanga na sokoni. Hawa wawili hawali bila kubishana.

"Mwalimu ametupa ulizo," msichana akasema. "Muntu akifanya kosa, na hakuna hata mumoja anayejua, mbele ya sheria ile iko kosa ao haiko?"

"Haiko," kaka yake akajibu, hakuinua kichwa kwenye sahani. "Minye nikipakiza batu watatu juu ya moto yangu na polisi hajaniona, nilipakiza mumoja."

"Ulipakiza watatu."

"Nani alibahesabu?"

"Matairi yako. Si njo maana kila juma uko kwa fundi?"

Tulicheka, mimi pia nilicheka. Msichana akaendelea, na sauti yake ya darasani. "Kosa linazaliwa siku mkono unalifanya. Polisi, tribinali, gereza, ile yote inakuya nyuma. Sheria inakataza kitendo, haikatazi kujulikana."

"Sasa wakati inangoja polisi, hiyo kosa yako inakaa wapi? Imepanga chumba?"

"Inakaa kwa mwenyewe."

"Kwa mwenyewe ilisahauliwa zamani. Nyanya, sema weye. Hakimu ni weye leo."

"Kuleni," nikasema. "Bugali unapoa."

"Mumeona, nyanya ameogopa. Njo yeye alikula ile sukari ilipotea juzi."

Hilo lilipita. Lakini siku mbili baadaye jirani yangu alileta fundi. Binti yake alikuwa amerudi kutoka Kamanyola na watoto wawili, ndoa imevunjika, wanalala watu watano katika chumba kimoja. Jirani alitaka amjengee binti chumba cha pembeni, upande wangu. Nilikuwa mlangoni mwa jiko langu ninatwanga sombe, na niliona yote juu ya miyenzi.

Fundi alivuta kamba, akapiga vigingi, akakuna kichwa. "Mama, hapa hapatoshi. Nikiacha njia ya kupita, kitanda kitaingia, lakini mwenye kitanda atalala nje."

"Pima tena," jirani akasema. "Kuko hatua mbili tena hapa. Minye najua parsele yangu."

Alipima tena. Kamba haikurefuka.

"Mama, weye tena," binti yake akasema, na hakusema kwa ubaya, alisema kwa uchovu. "Jana ulisahau chungu juu ya moto. Leo unasahau ukubwa wa parsele. Uache fundi aende kwa kazi yake."

Jirani alisimama katikati ya vigingi. Kiisha akageuka kwangu. Tulikuwa karibu sana, miyenzi tu kati yetu.

"Dada, weye uliona hii parsele tangu mwanzo. Ilikuwa hivi, ao akili yangu imeanza kupotea?"

Hapa ndipo nataka msome polepole. Mlango ulikuwa wazi. Mtu mwenyewe aliniuliza, kwa kinywa chake, mbele ya watu wawili. Nami nikasema, "Tunazeeka, dada."

Maneno mawili tu. Hata uongo si uongo, kweli tunazeeka. Alitikisa kichwa akaingia ndani, na fundi akakunja kamba yake.

Kuanzia siku ile nilimwona anabadilika. Alikuwa anafunga vifundo kwenye pembe ya kitenge, kimoja cha chumvi, kimoja cha dawa, kimoja cha kuku, asisahau. Akiniambia habari anasimama katikati na kuuliza, "Hii nilikuambia tayari?" Binti yake alimnyang'anya kazi ya moto, kiisha akamnyang'anya ufunguo wa nyumba, akauvaa mwenyewe shingoni. Alhamisi moja nilimkuta jirani peke yake anatembea kutoka ukuta wa nyumba yake hadi kwenye miyenzi, anahesabu kwa sauti ndogo, anarudi, anaanza tena. Alihesabu hivyo mara nne. Mwanamke aliyekuwa anajua kwa kichwa majina ya watoto wa mtaa mzima, sasa anahesabu miguu yake kama mtoto wa chekechea.

Ndipo nikaona nilivyojidanganya miaka yote ile. Nilisema hakuna aliyeona. Yeye aliona. Aliona kila alipotoka nje asubuhi, aliona pamepungua, ila hakuwa na mtu wa kumshitaki, akajishitaki mwenyewe. Kosa langu yeye aliliita uzee wake.

Jioni, mjukuu wangu wa kike alikuwa amekaa kwenye mkeka na kitabu. Nikamwuliza, "Lile ulizo la mwalimu. Kama hata mwenye kuibiwa hajui ya kama aliibiwa?"

"Bado iko kosa, nyanya. Kujua kwake hakuongezi, kutojua hakupunguzi." Aligeuza ukurasa. "Lakini kuko kitu wanaita preskripsiyo. Miaka ikipita bila mashitaka, tribinali haiwezi tena kumushika muntu. Kwa kosa dogo miaka ni michache tu."

"Na kusogeza mpaka? Imeandikwa humo?"

"Imeandikwa. Iko kosa kabisa, ina kifungo chake." Kiisha akainua kichwa. Alinitazama. Akatazama jiko, akatazama miyenzi nyuma ya jiko, akafunga kitabu.

"Nyanya," akasema pole pole, "ile miaka imepita. Hakuna muntu anaweza kukufanya kitu."

"Na mpaka? Miaka ikipita unarudi mahali pake wenyewe?"

Alikisukuma kitabu pembeni. Mimi sikumlaumu, kitabu chake kilikuwa kimesema kilichokuwa nacho. Kilisema ni kosa tangu asubuhi ile ya panga, kabla ya mtu yeyote kuliita hivyo, na hapo nilikubaliana nacho. Halafu kilisema sasa limechelewa kwa hakimu. Hilo nalo niliweza kulielewa, mahakimu wana kazi nyingi. Lakini jirani yangu alikuwa bado anafunga vifundo.

Asubuhi nilikwenda kwake. Alikuwa anaanika ndagala kwenye turubai, amechuchumaa, anawageuza mmoja mmoja.

"Karibu, dada. Kaa."

"Sitakaa. Nikikaa sitasema."

"Basi sema umesimama, lakini sogea kidogo, unakanyaga ndagala zangu."

Nikasogea. "Ule mpaka niliupanda mahali pasipo pake. Nilikula hatua tatu zako. Sikukosea, nilijua. Na lile jiwe la pembe ya nyumba yako, mto haukulibeba. Nililitupa mimi."

Aliendelea kugeuza samaki. Nilidhani hakusikia.

"Tatu?" akauliza.

"Tatu."

"Minye nilikuwa nasema mbili."

"Ni tatu."

"Basi hata akili yangu ilikuwa inakuhurumia." Akageuza wengine. "Na muchele wangu ulikula."

"Niliula."

"Wote?"

"Wote."

Aliniacha nimesimama hadi akamaliza turubai zima, na ndagala zilikuwa nyingi. Jua lilinipiga kichwani. Sikuthubutu kuinua kitenge nijifunike.

"Nikuitie shefu wa avenyi, mkubwa wa mtaa, aje atuamue?" nikamwuliza. "Ao twende tribinali. Mjukuu anasema muda umepita, lakini nitakwenda kwa miguu yangu, nitasema kama nilivyosema hapa."

"Shefu atakula kuku wetu wawili na kutuambia tupatane. Minye sitaki." Akasimama, akishika goti. "Nataka kitu kimoja." Akaita binti yake. Binti akatoka na mtoto kiunoni, ufunguo shingoni. Jirani akanielekezea kidole. "Mwambie yeye. Vile vile ulivyoniambia, usipunguze."

Nikasema tena. Mara ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza, kwa sababu yule alikuwa na umri wa binti yangu, na nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea. Nilimwambia hatua tatu, nilimwambia jiwe, nilimwambia na lile jibu langu la mbele ya fundi. Alisikiliza hadi mwisho. Hakunitukana. Alivua ule ufunguo, akauweka katika mkono wa mama yake, akaingia ndani. Kutoka ndani tukamsikia analia.

"Sasa amejua," jirani akasema. Akaufunga ufunguo kwenye pembe ya kitenge, baada ya kufungua kwanza vile vifundo. "Kesho asubuhi tutapanda. Weye utashika, minye nitafukia. Na usifikiri nimekusamehe kwa sababu ninaongea vizuri."

"Sijaomba."

"Utaomba. Lakini si leo, leo nimechoka na weye."

Nilirudi nyumbani nikawakusanya wote. Nikawaeleza, wadogo kwa wakubwa, mwanzo hadi mwisho. Yule wa taksi-moto ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Nyanya, na jiko? Tutapikia wapi? Hakuna mutu aliuliza, hakuna mutu alijua. Waambie batu ya kama mto umeanza kulisogelea, tunalihamisha. Nani atabisha?"

Dada yake alimtazama. Alingoja nijibu mimi.

Nikawaambia: Chukueni panga na nyundo. Mabati yashuke leo, matofali yapangwe upande wa korongo, na hakuna atakayekula kabla ukuta haujafika chini. Kesho hakuna atakayepanda kijiti hata kimoja, mtakaa pembeni, hiyo ni kazi yangu na ya jirani. Na watu wakipita barabarani wakauliza kwa nini tunabomoa jiko zima, hakuna kutaja mto. Mtawaambia nyanya wetu aliiba mahali pa jirani, anarudisha. Mseme vile, na mseme kwa sauti, hata mimi niliye nyuma ya nyumba nisikie.